Shuka la Ukoo

Ndugu zangu, kabla sijawatia hofu, niwaingize kwanza kwenye chumba chenye amani. Ni chumba cha dobi. Upande mmoja kuna masinki ya saruji, upande wa pili meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua hapa na pale, na juu kamba zimepita ukuta hadi ukuta zikiwa zimebeba mashati ya watu wa ofisini. Madirisha yako wazi. Redio inaongea peke yake. Mwenye chumba, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pasi, ananyoosha kola huku anaimba wimbo ambao maneno yake hayajui.

Mama Pasi alikuwa mjane mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Wasichana waliomsaidia kazi aliwafundisha mengi kwa upole, ila kwa jambo moja aliwafokea kila siku: msipige pasi juu ya doa. Doa bichi, hata la damu, linatoka kwa maji baridi. Likishapata moto wa pasi limepata makazi, wala usihangaike nalo tena. Hayo aliyajua kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana mimi habari yake hunikera kila ninapoisimulia.

Mlango ukasukumwa, akaingia binti yake wa pekee. Huyu walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu hakunyamaza ila usingizini. Alikuwa karani katika masjala ya manispaa, kazi yake kutunza majalada ya zamani, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

"Mama, weka pasi chini. Leo utatema mate."

"Nimtemee nani?" Mama Pasi akauliza. "Kama ni mkwe wangu, niambie kwanza amekosa nini."

Chiriku akaangua kicheko, akaweka kisanduku mezani. Ndani mlikuwa na vichupa vitatu vya plastiki, kila kimoja kimechorwa mstari. Akaeleza mbio mbio kama kawaida yake. Unatema mate mpaka kwenye mstari, unapeleka kisanduku posta, maabara wanapima DNA, kisha wanakuletea majibu kwenye simu: ukoo wako umetokea pande zipi, na nani ni ndugu yako wa damu. Kichupa kimoja chake, kimoja cha mama, kimoja cha mjomba.

"Mjukuu wako akija, mama, nataka akute ukoo umekamilika. Majalada ya kazini yananipa majina tu. Hii itanipa damu yenyewe."

"Eh," akasema Mama Pasi.

Harufu ya kitu kinachoungua ndiyo iliyomzindua. Alikuwa ameisahau pasi juu ya kola ya mteja, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu afungue duka.

Sasa nisiwafiche kama yeye alivyoficha. Chiriku hakuzaliwa na Mama Pasi. Alizaliwa na dada yake mkubwa, mjane kijana ambaye mumewe alikufa ajalini kabla mtoto hajaja. Dada huyo alijifungua salama, akamshika mtoto, akacheka, halafu damu ikaanza kutoka na haikukatika. Wala haikuwa mara ya kwanza damu yake kuleta visa. Alipong'olewa jino akiwa msichana, walikesha naye wakibadilisha pamba. Mama yao naye alikuwa hivyo hivyo, akijikata kidogo tu kwa kisu nyumba nzima inakimbilia vitambaa. Mama Pasi mwenyewe hakurithi shida hiyo. Alichokosa ni mtoto. Miaka ilikuwa inapita tumboni hamna kitu. Basi alimchukua yule kichanga, akahama mji yeye na mumewe, na huko walikohamia hakuna aliyeuliza.

Kulea mwana wa dada ni jambo la heri, na watu wamelifanya tangu zamani wakasifiwa. Tatizo lilikuwa hapa: Mama Pasi hakutaka kuwa aliyelea. Alitaka kuwa aliyezaa. Usiku na mchana aliogopa kitu kimoja tu, kwamba siku Chiriku akijua, lile neno "mama" litapoa mdomoni mwake.

Ukuta wa nyuma wa duka ulikuwa umetundikwa shuka jeupe ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Chiriku aliliomba, akachora juu yake mti wa ukoo kwa wino wa dobi, ule wa kuwekea alama nguo za wateja, usiotoka kwa sabuni yoyote. Babu alikuwepo, mpiga kengele wa stesheni, kama jalada la reli lilivyosema. Chini yake walikuwepo watoto watatu: mjomba, kisha yule dada, kisha Mama Pasi. Chiriku alipofika kwenye tawi la katikati alikuwa ameuliza, kalamu mkononi, "Mama mkubwa hakuacha mtoto?"

"Hakuacha," Mama Pasi alijibu.

Akaandika: *Mama mkubwa, alifariki bila mtoto.* Na tangu siku hiyo Mama Pasi alifanya kazi akiwa ameupa ukuta ule mgongo.

Chiriku alitema mate yake palepale, akajaza mpaka akapita mstari, akafunga. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri suruali akageuka pembeni kwa kichefuchefu. "Wewe ukitoka kula usiteme, ngoja kidogo mdomo uishe chakula," Chiriku akamwagiza mama yake. "Kisha upitie kwa mjomba, naye ateme, halafu upeleke posta. Posta si iko njiani kwako?"

Akambusu, akaenda zake. Kisanduku kikabaki mezani.

Mama Pasi alikibeba mpaka kwenye kibanda cha kaka yake. Kaka mtu alikuwa kinyozi, mzee mwenye upara unaong'aa, na wateja hawakuchoka kumuuliza kama mtu mwenye upara anafaa kuaminiwa na mkasi. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho, akamalizia kichwa alichokuwa nacho mkononi, akamtoa mteja, akafunga mlango.

"Mwambie," akasema.

"Kaka, siwezi."

"Umemuogesha, umemsomesha, umemuoza. Neno moja ndilo linakushinda?"

"Atanikimbia."

"Chiriku? Yule ambaye akila ndizi lazima akupigie simu akueleze ilikuwa tamu kiasi gani?" Mzee akatingisha kichwa. "Na lingine, mdogo wangu. Msichana ana mimba. Unakumbuka dada yetu alivyokwenda. Mimi nakumbuka, kila nikimwona mtoto yule na lile tumbo. Anatakiwa ajue. Madaktari wanatakiwa wajue."

"Yeye ni mzima. Damu yake haina neno."

"Alipong'oa jino je?"

Mama Pasi alikumbuka vizuri. Chiriku alipong'oa jino, damu ilimtoka tangu asubuhi mpaka kesho yake, na yeye ndiye aliyemwambia mtoto kwamba ni joto tu.

"Nitamwambia," akasema. "Akijifungua. Mimba haitaki mshtuko."

"Mimba haitaki mshtuko," kaka yake akarudia polepole, akachukua kichupa, akatema. "Haya. Mimi mate yangu hayana siri."

Jamani, mwanadamu akiogopa, akili yake hufanya kazi kwa bidii sana upande usiofaa. Mama Pasi alirudi dukani, akawaruhusu wasichana waondoke mapema, akaketi na vile vichupa. Alifikiria kutia maji. Alifikiria kutia sabuni. Akaona vyote vitamfanya Chiriku aanze upya. Ndipo likamjia wazo lililomfanya acheke kwa furaha, maskini. Kama mashine inatafuta damu ya Chiriku ndani ya mama, basi ipewe damu ya Chiriku! Akafungua kichupa cha binti, akamimina nusu kwenye kichupa chake kitupu, akavifunga vyote viwili, akavipangusa kwa kitambaa safi. Akapeleka posta. Aliporudi aliimba tena.

Msicheke sana. Ni nani kati yetu aliyewahi kufundishwa DNA inasema nini? Yeye alijua mtoto hufanana na mama, basi, akadhani akizidisha kufanana ndio ushahidi unazidi kuwa mzuri.

Majibu yalikuja Chiriku akiwa mzito, anatembea kwa kushika kiuno. Alipiga simu akiwa kazini. Mama Pasi aliona jina la binti yake kwenye kioo cha simu, akaiacha iite, iite, kisha akapokea.

"Mama! Keti kwanza."

"Nimeketi," akasema, naye amesimama.

"Mashine inasema mimi na wewe ni mtu mmoja!"

"Mtu mmoja vipi?"

"Mtu mmoja! Au mapacha wa kufanana. Wanasema mate yote ni ya mwili mmoja." Chiriku alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. "Mjomba wamemtaja vizuri, ni mjomba wangu kabisa. Ila wewe umekuwa pacha wangu. Hawa maabara wamechanganya vichupa, au mimi nilichanganya. Nikishajifungua tutarudia."

"Tutarudia, mwanangu," akasema Mama Pasi.

Akakaa chini kwenye kapu la nguo chafu. Hapo, ndugu zangu, alikuwa amefunguliwa mlango kabisa. Binti anacheka, moyo wake mwepesi, hana hasira na mtu. Lilikuwa jambo la kusema tu, "Si maabara, mwanangu, ni mimi, na sababu ni hii." Hakusema. Aliona amepona.

Chiriku hakuacha kutafuta. Kwa kuwa alikuwa mtu wa majalada, aliandika kwenye hospitali ya mji ule wa zamani kuomba kumbukumbu za kuzaliwa kwake. Kila alipoingia dukani mama yake alimtazama usoni kwanza, kujua kama majibu yamefika. Hakulala vizuri. Alianza kukosea hesabu za vifungo, akampa mtu koti la mwenzake. Hatimaye jibu likaja: paa la stoo lilivuja, karatasi zote za miaka ile zilioza. Chiriku alisikitika. Mama Pasi alimfariji kwa maneno matamu, na moyoni alishukuru mvua.

Nawaambia hayo muone jinsi alivyokuwa anabahatika. Kila mara alipokaribia kukamatwa aliponyoka, na kila alipoponyoka lile jambo lilizidi kuwa gumu kusema.

Wiki za mwisho za mimba, Chiriku aliomba mama yake amsindikize kliniki. Mkunga alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpima Chiriku, akamuuliza kuhusu fizi.

"Zinatoka damu nikipiga mswaki. Na pua wakati mwingine."

"Tangu mimba?"

"Tangu zamani. Mama anasema ni joto."

Mkunga akamgeukia Mama Pasi, kalamu ikiwa juu ya kadi. "Mama, wewe ulipomzaa huyu damu ilikuwaje? Ilikukatikia vizuri?"

Chumba kilikuwa kidogo. Dirisha lilikuwa na pazia fupi la kijani, na nje mtoto wa mtu alikuwa analia. Chiriku alikuwa ameketi juu ya kitanda, miguu inaning'inia, anamtazama mama yake kwa tabasamu la kusubiri hadithi nzuri. Mama Pasi alimwona tena dada yake amelala. Aliona zile pamba. Alifungua mdomo.

"Vizuri kabisa," akasema. "Sikupata tabu yoyote."

"Na mama yako mzazi? Ndugu zako?"

"Wote salama."

Mkunga akaandika kwenye kadi, akaiambatanisha na jalada, akamwita mwingine. Hivyo tu. Uongo wa nyumbani ulikuwa umetoka nyumbani, ukaenda kukaa mahali ambapo watu wangeutumia kuamua maisha ya mtu.

Uchungu ulianza asubuhi. Mkwe, fundi umeme kijana asiyependa maneno mengi, alimleta mkewe hospitali, na kabla ya saa sita mchana mtoto wa kike akalia. Muuguzi alitoka kuwaonyesha. Mkwe alilia bila aibu. Mjomba Kinyozi, aliyeacha wateja kibandani, akamkagua kichanga na kusema, "Huyu nywele zake ni zangu kabisa," na kila mtu kwenye benchi akacheka, hata wasiomjua.

Kisha muuguzi akapita mbio. Akapita mwingine. Mlango ukafunguliwa ukafungwa, na Mama Pasi akaona kwa mbali shuka lililokuwa jeupe. Yeye ni dobi. Alijua kwa kutazama mara moja kwamba damu ile ilikuwa nyingi na bado mbichi.

Daktari akatoka na kadi mkononi, kijana, jasho limemtoka. "Damu haigandi," akasema. "Tumempa dawa za kawaida hazishiki. Kadi inasema ukoo hauna tatizo. Kuna lolote ambalo halikuandikwa? Lolote?"

Mkwe akamtazama mama mkwe wake. Kinyozi naye akamtazama, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa dada yake, "Sema wewe, au nitasema mimi!"

Mama Pasi akapiga magoti. Hakuna aliyemwambia apige magoti. "Sikumzaa mimi," akasema. "Alimzaa dada yangu. Alikufa hivi hivi, damu ilikataa kukatika. Na mama yetu alikuwa na damu hiyo hiyo. Nilidanganya. Msaidieni mwanangu."

Daktari hakumkaripia. Hakuwa na muda. Alisema tu, "Dawa ya damu kama hiyo iko hospitali kuu. Tungejua, tangu jana ingekuwa hapa mezani," akawatuma mkwe na dereva wa hospitali wakaifuate, akarudi ndani.

Kusubiri kule sitaweza kuwasimulia kwa ukamilifu. Mama Pasi alikaa sakafuni. Kaka yake alikaa naye, amemshika mkono, ingawa alikuwa na hasira naye. Dawa ilifika. Daktari alipotoka mara ya pili uso wake ulikuwa umechoka sana.

"Ataishi," akasema. "Lakini dawa ilichelewa. Ilibidi tumtoe kizazi ili tumpate yeye. Hatazaa tena."

Mama Pasi aliujua utasa. Alikuwa ameubeba ujana wake wote, na kwa kutaka kuuficha ndipo aliposema uongo wote huu. Sasa alikuwa ameupitisha kwa mikono yake mwenyewe kwa mtoto aliyempenda kuliko roho yake. Alilia mpaka wauguzi wakamwonea huruma.

Alimweleza Chiriku yote wodini, siku aliyopata nguvu za kuketi. Hakuacha kitu, hata kile kichupa. Chiriku alisikiliza. Hakukatiza hata mara moja. Mwisho akageuza uso ukutani, na yule ambaye hakunyamaza ila usingizini akanyamaza akiwa macho.

Zikapita wiki nyingi Chiriku hajakanyaga dukani. Kila mlango ulipolia Mama Pasi aliinua kichwa, akakuta ni mteja. Alinyoosha nguo, akala kidogo, akamuuliza kaka yake habari za mtoto. "Anakua," kaka yake alimjibu. "Mama yake anakula. Zaidi ya hapo usiniulize."

Ndipo siku moja Chiriku akaingia, mtoto amembeba kifuani. Hakumtazama mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye shuka lile ukutani, akasimama mbele ya tawi la katikati, akasoma maandishi yake mwenyewe.

"Nipe wino," akasema.

Mama Pasi akampa. Chiriku alichora mstari kutoka kwa yule aliyefariki bila mtoto mpaka kwenye jina lake yeye. Mstari wa kwanza, ule uliotoka kwa Mama Pasi, hakuukata.

"Alicheka?" akauliza, bado amegeukia ukuta. "Aliponishika?"

"Alicheka, mwanangu. Akasema una kelele."

Chiriku akafuta machozi kwa kiwiko. "Mama mdogo ni mama," akasema. "Kila mtu anajua hivyo. Ungeniambia nikiwa na miaka mitano, kumi, ishirini, ningekuita mama vile vile kama jana. Hukuwa na kitu cha kuogopa. Hata kimoja." Akageuka. "Lile la kuzaliwa na nani nimeshalisamehe. Lakini siku ile kliniki nilikuwa nimeketi mbele yako, mama. Nilikuwa nakutazama. Hilo sijui kama nitaweza."

Akainama, akaandika jina la mtoto chini ya lake. Kando ya jina hilo aliacha shuka jeupe, nafasi pana ya kutosha watoto wengine. Akafunga kalamu, akamrudishia mama yake, akaondoka na mtoto wake taratibu.

Shuka lile bado lipo. Wateja wapya wakiuliza kwa nini upande ule umebaki mweupe, Mama Pasi huwaambia anaharakisha kazi zao, akainamia pasi.

Funzo

Ndugu zangu, simlaumu Mama Pasi kwa kumpenda mtoto. Namlaumu kwa kudhani mapenzi yake yalihitaji kulindwa kwa uongo. Kama una mtoto uliyemlea bila kumzaa, mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, akiwa angali mdogo, nyumbani mnapocheka. Usingoje mashine imwambie, wala usijidanganye kwamba utaishinda mashine. Na magonjwa ya ukoo si aibu ya kufunika. Ni haki ya mtoto, kama jina lake. Mkunga akikuuliza, mjibu kweli hata kama sauti inakukauka, maana anayelala kwenye kile kitanda si wewe.

Na ninyi mnaotafuta koo zenu kwa majalada na mate, tafuteni, ni jambo jema. Ila mkiwa na mzee anayegeuza mgongo kila mnapouliza, msimcheke. Ketini naye, mmwambie kwamba mtampenda hata akisema. Huenda hilo ndilo analosubiri kulisikia, na huenda akalisema kabla hamjafika hospitali.